Sura ya Tisa: Herufi Aliyonisahihishia

Motari wa kwanza alinipigia honi kabla sijavuka barabara. "Dada Shimwa, mahari yako iko wapi? Panda tukaitafute." Wenzake waliokuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakacheka, na mimi nikafanya kama watu wanavyofanya wakichekwa, nikatabasamu. Tabasamu lile liliniudhi kuliko utani wenyewe. Mtu anakukanyaga, na wewe unamwomba radhi kwa kuweka mguu pale.

Nilikuwa naelekea dukani kwa mama, hapahapa Niboye, na mkononi nilikuwa na vifungo alivyonituma. Njia yenyewe ni fupi, lakini wiki ile ilikuwa imerefuka. Muuza chapati aliiga sauti yangu. Dada wa kuuza salio alinipa pole kwa sauti ya msibani. Na wote hao, Mungu awasamehe, hakuna aliyekuwa amesikiliza albamu yangu mpaka mwisho. Walikuwa wamemsoma Nasiri.

Nasiri nampenda. Nalisema mapema ili lisije likanisumbua huko mbele. Nilimpenda kwa ile namna yake ya kunyamaza kabisa nikiimba, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango. Na Jumapili ile ndugu zake walikuwa waje kwetu kushika irembo, yaani kubisha hodi langoni kwa heshima kabla ya posa yenyewe. Mama alikuwa ameshanishonea gauni. Shangazi yake Nasiri alikuwa safarini kutoka Mwanza, na mkaja wa kumvisha mama alikuwa nao begini.

Huko Mwanza ndiko Nasiri alikolelewa. Alirudi Rwanda akiwa kijana mzima, Kiswahili chake kimenyooka kama shati la Idi, na kwa Kiswahili hicho akajipatia jina. Ana safu yake mtandaoni na kipindi cha redio kila Jumamosi mchana, vyote viwili vinaitwa Sikio la Nasiri. Wasanii wa Kigali wanamwogopa kama watoto wanavyoogopa sindano. Akikusifu unaitwa kwenye harusi za wakubwa. Akikuponda unarudi kuimba kwenye harusi za binamu zako.

Sasa msikie alivyoniandika mimi, mchumba wake.

"Shimwa ana sauti ya kuonewa wivu, lakini kinanda kimeimeza. Wimbo wa tatu umevutwa mpaka umekatika. Na Kiswahili chake kinachechemea. Katika wimbo wa mwisho analia: 'Mama yangu hakupewa mahari, akaishi kama mgeni kwake.' Mahali, dada, mahali. Mahari hutolewa harusini. Ugonjwa wetu wa ra na la tumeuzoea sokoni, lakini mtu akiupeleka studio na kuulipia, basi sote tumsaidie kuitafuta hiyo mahari yake."

Ya kinanda ni kweli. Ya wimbo wa tatu pia ni kweli, na nilipoyasoma niliuma mdomo nikameza. Msanii asiyeweza kumeza ukweli aende akauze nyanya. Lakini nilisema mahari kwa sababu nilimaanisha mahari. Bibi yangu alizaliwa Biryogo, katika nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya kugombana na lugha ya kuombea dua, na ra na la tulifundishwa kwa kofi la begani kabla hata ya kujua shule iko upande gani. Nasiri alijua natoka nyumba hiyo. Alijua, na akaandika.

Dukani nilimkuta mama, Mukashema, ameinamia cherehani. Hakuwa anaimba. Tangu siku nilipomsikilizisha wimbo ule kwa mara ya kwanza, akalia, akacheka, akalia tena, alikuwa akiuimba kila anaposhona, kwa sauti ya chini, akikosea palepale kila siku. Wiki ile alikuwa kimya. Cherehani peke yake ndicho kilichosema.

Mjomba Twahiru, kaka yake mkubwa, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia yake ya Ijumaa kichwani ingawa ilikuwa Alhamisi. Nilijua mazungumzo yalikuwa yanahusu nini kwa sababu yalikatika nilipoingia.

"Mimi nasema kitu kimoja," mjomba alisema, akiwa ameshasema vingi. "Hao wageni wa Jumapili waambiwe wabaki kwao."

"Kaka, subiri," mama alisema.

"Nisubiri nini? Kijana amemcheka mtoto wetu mbele ya Kigali yote, halafu aje akae kwenye kiti changu anywe fanta yangu? Mimi jana msikitini nimeulizwa, Twahiru, ile mahari ya mpwa wako ishapatikana? Msikitini."

"Hatujamsikia mwenyewe."

"Ameandika. Kuandika ndiyo kazi yake. Tumsikie nini tena?"

Mama alinyanyua mguu kutoka kwenye kanyagio. "Yeye alihukumu bila kuuliza. Na sisi tukifanya hivyohivyo, tutakuwa tumemzidi nini?" Akanigeukia. "Shimwa, kamuulize. Muulize vizuri, usiende na ulimi wako ule."

"Ulimi upi, Mama?"

"Huo huo uliojibu."

Tulikutana kwenye baa ya maziwa, ile iliyo chini kidogo ya kituo cha mabasi, ambapo huwa tunakaa meza ya dirishani. Nasiri alikuwa ameshaniagizia maziwa ya mgando na chapati, kama vile siku ile ni siku ya kawaida. Alivaa shati la bluu ambalo nilimwambia linampendeza. Nikamkasirikia hata kwa shati.

"Umenikasirikia," alisema.

"Umegundua mwenyewe, au kuna mtu amekuandikia?"

Akatazama meza. Ana kope ndefu, Nasiri, na akiangalia chini hufanana na mtoto aliyevunja sahani. Mara nyingi nimemsamehe kabla hajainua macho. Siku ile nilitazama kikombe.

"Shimwa, ile ni kazi. Natakiwa niseme ninachokisikia, hata kwa mtu wangu."

"Ya kinanda umesema kweli. Nimeshampigia prodyuza. Sikuja kwa ajili ya kinanda."

"Ningekusifu, watu wote wangesema nimekusifu kwa sababu unanipikia."

"Sijawahi kukupikia."

"Unajua ninachomaanisha."

"Najua. Unamaanisha ulinichapa ili watu waone mkono wako hauna upendeleo."

Mama mwenye baa alipita na jagi lake, akatutazama, akaamua kutotuongezea kitu.

"Ungeweza kunyamaza," nikasema. "Albamu zinatoka kila siku. Ungempa Kenny aandike, si mnafanya kipindi pamoja? Ungesema, jamani, huyu siwezi kumpima, moyo wangu umeegemea upande wake. Nani angekulaumu?"

"Albamu inazungumzwa mji mzima halafu mimi ninyamaze? Wangesema nimeogopa."

"Kwa hiyo ulipima. Upande huu wao kusema umeogopa, upande huu mimi kuitwa Mahari barabarani. Ukachagua."

"Usiliweke hivyo, aisee."

"Liweke wewe basi. Nakusikiliza."

Alinyoosha mkono juu ya meza akashika vidole vyangu. Nikaviacha pale, sitaki kudanganya, nikaviacha kwa sababu vilikuwa na hamu naye. Ndiyo shida ya kugombana na mtu unayempenda, mwili hauji kwenye kikao.

"Utani utapita," alisema kwa upole. "Wiki ijayo watapata mwingine wa kumcheka."

"Na huyo mwingine watapewa na wewe."

"Yaani wewe unadhani mimi nafurahia? Kuna siku naandika naona kabisa huyu mtu atalia. Lakini nikianza kuwahurumia, nani atawaambia? Wote tutakuwa tunaimba vibaya na kupigiana makofi."

"Mimi sikuombi unihurumie, Nasiri. Nataka uwe na hakika. Mtu akitaka kupiga kwa nguvu, kwanza aangalie anapopiga."

"Nina hakika." Akakaa sawa, kama mtu aliyefika kwenye uwanja wake. "Kila nilichoandika nilisikiliza mara kibao. Na lile la mahali, kusema kweli, nilikuwa nakusaidia. Nyimbo zako zinakwenda Dar, zinakwenda Mombasa. Ni afadhali nikusahihishe mimi kuliko wao."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Mahali," alisema taratibu, akigusisha ulimi nyuma ya meno ili niuone, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "La. Ma-ha-li. Ni suala la mazoezi tu, mpenzi. Sisi wote Wanyarwanda tunalo. Hata baba yangu mpaka leo anakula kwenye uchaguzi na anapiga kura ya mchana."

Alisema kwa mapenzi. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Hakuwa na chembe ya shaka. Alikuwa amesikia wimbo mzima, mwanamke anayedharauliwa na wakwe, mwanamke anayekula mwisho, mwanamke asiyeulizwa, na alipofika kwenye neno lililobeba yote hayo akaona kosa la mitihani. Ningeweza kumwambia palepale. Lakini nilimjua. Angenishika na mkono wa pili, angesema samahani mpenzi, na mambo yangeishia kwenye maziwa.

Nikavuta vidole vyangu.

"Maliza maziwa yako," nikamwambia. "Twende ukamsahihishe na mama."

Njiani motari wale walimwona Nasiri ubavuni mwangu wakanyamaza kwa heshima, maana yeye ndiye Sikio. Mmoja akampungia mkono. Naye akapunga.

"Shikamoo, Mama," alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Kaa hapo." Mama alimwonyesha kiti cha wateja. Mjomba Twahiru naye alisalimiwa, hakuitikia, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mama alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akakiweka kando, akaweka mikono juu ya meza ya cherehani. "Nilisomewa ulichoandika. Nikaomba nisomewe tena. Unaandika vizuri."

"Asante, Mama."

"Umesema mimi sikupewa nini?"

Nasiri akanitazama. Mimi nikatazama vitenge ukutani.

"Mama, wimbo ni wimbo tu. Si lazima uwe ni wewe kabisa."

"Ni mimi. Sikupewa nini?"

"Mahali, Mama," alisema, na mara ile la yake haikuwa na ule ualimu.

"Mahali nilipewa," mama alisema. "Nilipewa chumba chenye dirisha. Kitanda nilipewa. Nilipewa hata kipande cha bustani nikapanda mchicha wa dodo. Hakuna aliyeninyima pa kukaa, nisiwasingizie marehemu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile anayomwelezea mteja kwamba kitambaa hakitoshi. "Siku ya ndoa shekhe aliuliza, mahari ya binti ni nini. Nikasema cherehani. Mume wangu akasema, nimekubali. Wajomba zake wakasema kinakuja, wacheni watu wale kwanza. Watu wakala. Hakikuja. Mwaka wa kwanza niliuliza, wakacheka. Baadaye, kila nikikosea, chumvi ikizidi, mtoto akilia, mama mkwe alikuwa ananiambia, wewe kelele za nini, wewe tulikuokota. Miaka yote ile, mbele ya wageni, mbele ya huyu mtoto. Tulikuokota. Hiki unachokiona nilikinunua mwenyewe baada ya kumzika baba yake."

Mjomba Twahiru aliacha kutafuta mfukoni. Alikuwa amezikalia habari hizo miaka yote bila kuzisikia zikisemwa, maana siku ya ndoa yeye ndiye aliyekuwa walii wa mama, na yeye ndiye aliyekubali watu wale kwanza.

"Mahari ndiyo sikupewa," mama akamaliza. "Alitaja sawasawa."

Nasiri alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili. Machozi yalimlenga, na mimi, mjinga wa mwisho Kigali, nilitaka kwenda kumfuta.

"Mama, sikujua."

"Usingeweza kujua. Ungeweza kuuliza."

"Namba ya Shimwa anayo," mjomba alisema huku akitazama nje. "Anayo ya kuongea mpaka sikio lipate moto."

"Nitaifuta ile makala," Nasiri alisema. "Leo hii, nikitoka tu hapa."

"Usifute," nikasema. "Utani uko mitaani, huwezi kuufuta. Ukifuta makala utakuwa umefuta tu alama za miguu yako."

"Unataka nifanye nini, Shimwa? Niambie. Chochote."

"Ulinikosea sokoni, usiniombe radhi chumbani. Jumamosi una kipindi. Sema nilisema mahari na nilimaanisha mahari. Sema ulisikia vizuri ukafikiri vibaya, na kwamba namba yangu ulikuwa nayo na hukupiga. Habari za mama usizitaje. Hayo tu, halafu weka wimbo."

Alivuta pumzi. "Jina langu ni sikio, Shimwa. Nikisema hivyo, watu watanicheka."

"Sikio lako halikukosea. Lilisikia."

Akacheka kidogo katikati ya machozi, na mama naye akatabasamu, na kwa dakika ile duka lilikuwa na nafasi ya kutosha sote. "Nitasema," alisema. "Wallahi nitasema."

"Usiape," mama akamwambia. "Sema tu."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alisimama akanitazama muda mrefu, bila kunigusa kwa sababu mjomba alikuwa amesogeza kigoda ili atuone. "Sistahili kuja Jumapili," alisema.

"Stahili basi," nikamjibu. "Una siku mbele yako."

Mjomba alikubali kusubiri kwa shingo upande. Nasiri akisema, irembo lipo wazi. Asiposema, mjomba mwenyewe atapiga simu kwao, na hatachagua maneno. Ijumaa, nikirudi kutoka kununua uzi, nilimsikia mama kabla sijafika mlangoni. Alikuwa anaimba. Alipofika kwenye mahari alipunguza sauti, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya watu asiowajua, kisha akaendelea. Nikasimama nje mpaka akamaliza, sikutaka ajue.

Jumamosi mchana redio ilikuwa juu ya kabati la vitambaa. Mjomba alikuja amevaa vizuri. Alikuwepo pia Ingrid, mke wa askari kutoka Kanombe, aliyekuja kupimwa mshono wa sherehe, na mama hakuwa na moyo wa kumwambia arudi baadaye. Ingrid ni mtu mwema anayependa nyimbo zangu na kuzikosea zote.

"Iko nzuri ile ya mwisho, sha," aliniambia. "Inaniriza kabisa."

Kipindi kilianza na matangazo, kisha Kenny, mwenzake Nasiri, kijana aliyekulia Kampala ambaye kicheko chake huingia hewani kabla yake. Wakapiga nyimbo. Wakapiga nyingine. Mama alikuwa amesimama na futi ya kupimia shingoni mwake, mkono wa Ingrid hewani, wala hapimi.

"Kabla ya wimbo unaofuata," Nasiri akasema, "kuna jambo nataka nilinyooshe."

Nikashika ukingo wa meza.

"Wiki hii niliandika kuhusu albamu ya Shimwa."

"Eeh, bwana Mahari," Kenny akadakia. "Wamenitumia huo utani mpaka simu imejaa."

Na Nasiri akacheka. Hakucheka sana. Ilikuwa pumzi tu ya puani, ya kumwonyesha Kenny kwamba wako pamoja. Lakini redio husogeza mambo karibu, na niliisikia kama ameicheka shingoni mwangu.

"Ndiyo, hiyo hiyo," alisema. Sauti ikawa ya kazini. "Sasa, nimezungumza na msanii, na inaonekana lile neno linaweza kueleweka kwa namna mbili. Lugha ni pana, si ndiyo? Kwa hiyo kama kuna aliyekwazika, tumeshaelewana. Sanaa ni kuambiana."

"Sanaa ni kuambiana na kutoa mahari," Kenny akasema, na wakaweka wimbo. Haukuwa wangu.

Mjomba alikuwa na simu mkononi, lakini hakupiga.

"None se, kwani," Ingrid akauliza, mkono wake bado hewani, "ni mahari ama ni mahali? Mimi hapo sijaerewa."

Mama akaizima redio. "Nyoosha mkono, Mama Ngabo," akamwambia Ingrid. "Nikupime."

Simu yangu ikalia. Nikatoka nje nikasimama upande wa kivuli.

"Umesikia?" Nasiri aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo.

"Nimesikia."

"Nimesema, Shimwa. Hewani, kama ulivyotaka."

"Neno langu linaeleweka kwa namna ngapi?"

Nyuma yake niliusikia ule wimbo wao ukiendelea kupigwa. "Kenny alinivuruga," alisema. "Nilikuwa nimejipanga vizuri, nakuapia. Akaingilia, na mimi nikapoteza mwelekeo. Ungekuwa hewani ungenielewa."

"Mama alikuambia yale ya kwake mbele ya kaka yake. Hakuna aliyemvuruga."

"Wiki ijayo nitarudia. Nitasema yote, neno kwa neno."

"Na Kenny atakuwepo wiki ijayo?"

"Atakuwepo, lakini..."

"Basi na wewe utakuwa vilevile."

"Usiseme hivyo. Nakupenda, na unajua."

"Najua," nikasema. "Unanipenda vizuri sana tukiwa wawili, Nasiri. Shida yako ni watu wakiongezeka. Na ndoa ni watu. Ni mama yako, ni shangazi zako, ni mtu mmoja mezani atakayetupa neno juu yangu na wewe ucheke kidogo ili usionekane mnyonge. Mama yangu ameishi nyumba hiyo. Mimi siingii."

"Kwa hiyo kicheko kimoja tu?"

"Kimoja tu. Kilitosha."

Pikipiki ilipita na dereva wake akapaza sauti kutaja lile jina langu jipya. Nasiri bila shaka alilisikia kwenye simu. Nilingoja kama atasema chochote.

"Wasije kesho," nikamwambia.

"Shimwa, shangazi ameshafika. Wazee wameshaalikwa." Sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka, na nilimpenda, nilimpenda kiasi cha kukaa chini pale kwenye ngazi ya duka na gauni langu zuri. "Mimi sasa watu nitawaambia nini?"

Nikasubiri. Nilifikiri baada ya swali hilo litakuja la pili, hata dogo, hata la kuniuliza mimi nitalalaje leo. Nilimpa muda. Angeweza kuniuliza hata mpaka jioni, simu alipiga yeye.

Hakuuliza. Nikakata.

Nilipoingia, Ingrid alikuwa ameshaondoka na mama alikuwa amekaa kwenye cherehani chake bila kushona. Alinitazama usoni, kisha akatazama gauni langu, akaona vumbi la ngazi.

"Hawaji, Mama."

Mjomba Twahiru alikuwa amelitaka neno hilo tangu mwanzo wa wiki. Alivua kofia yake akaiweka magotini, akainamisha kichwa, na simu ikabaki kimya mkononi mwake.